Jina la Ukoo Lenye Watu Wachache: Asili, Maana na Hesabu Zake

Mwenye jina la ukoo adimu huzoea maswali ambayo mwenye jina la kawaida hayajui: hilo linaandikwaje, linatoka wapi, maana yake nini. Akishaulizwa mara nyingi, naye huanza kujiuliza. Akiingia mtandaoni hupata majibu mepesi kupita kiasi. Ataambiwa jina lake ni la kale, lilibebwa na watu wa heshima, lina maana ya "shujaa wa mlimani" au kitu cha namna hiyo, na kwamba kwa ada kidogo atatumiwa picha ya ngao ya ukoo wao tayari kutundikwa ukutani.

Majibu ya namna hiyo yanachanganya maswali matatu ambayo kila moja lina njia yake ya kulichunguza. Jina lilianzaje? Neno lililomo ndani yake lilimaanisha nini siku lilipoanza? Na kwa nini leo linabebwa na watu wachache? Mara nyingi jibu la swali la tatu halihusiani hata kidogo na majibu ya mawili ya kwanza. Jina huwa adimu kwa sababu ya yaliyolipata njiani, nayo ni hasa mambo matatu: kalamu ya karani, amri ya serikali, na idadi ya watoto wa kiume waliozaliwa na kukua. Ukale na heshima ya waliolibeba havimo.

Kwanza, adimu ni wangapi? Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu watu 2,442,977 wenye jina Smith. Ofisi ya sensa ilichapisha orodha ya majina yote yaliyobebwa na watu 100 au zaidi, yakafika 162,253. Hayo ni mengi, lakini majina tofauti yaliyosomwa kwenye fomu zote yalizidi milioni sita, na sehemu kubwa yalitokea mara moja tu nchi nzima. Mtu angeweza kudhani Marekani imejaa watu wa mwisho wa koo zao. Ukweli ni kwamba mengi ya majina hayo ya mara moja ni makosa: herufi iliyoruka, mwandiko mbaya uliosomwa vibaya na mashine, majina mawili yaliyoshikanishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa fahari kwamba jina lake ni la 140,000 kwa wingi duniani, usimbishie, ila ujue kwamba huko chini kabisa mwa orodha familia mbili zikipata watoto wanne, jina linapanda maelfu ya nafasi. Namba inayofaa kuitazama ni idadi ya watu wenyewe, pamoja na mahali walipo. Jina linaweza kuwa na watu 20 katika nchi moja na milioni kadhaa katika nchi nyingine, na adimu ya aina hiyo ni habari ya uhamiaji tu.

Sasa asili. Uingereza kabla ya mwaka 1066 watu wengi walikuwa na jina moja tu. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi, mabwana wenye ardhi walianza kurithisha majina, na kufikia karibu mwaka 1400 watu wa kawaida nao wengi walikuwa nayo. Majina hayo yalichotwa katika visima vinne: jina la baba, kazi, mahali, na sifa au utani. Visima viwili vya kwanza huzaa umati. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi, kwa hiyo jina la mhunzi lilianza upya mamia ya mara, mahali mbalimbali, kwa watu wasiojuana: Smith kwa Waingereza, Schmidt kwa Wajerumani, Kowalski kwa Wapolandi, Kovács kwa Wahungari, Haddad kwa Waarabu. Hakuna "ukoo wa Smith". Kuna koo nyingi zilizokutana kwenye neno moja.

Majina adimu hutoka zaidi katika kisima cha mahali, tena mahali padogo. Hapa pana jambo linalowapita wengi: mtu haitwi kwa jina la kijiji chake akiwa bado yumo kijijini. Humo kila mtu ni wa humo, jina lisingemtofautisha na yeyote. Huitwa hivyo baada ya kuhama, na walio kwake ugenini ndio wanaompa. Kwa hiyo jina la mahali ni ushahidi wa safari, hata kama ilikuwa ya saa tatu kwa miguu. Attenborough ni jina la namna hiyo, kutoka kijiji cha Attenborough katika jimbo la Nottinghamshire. Kijiji kilipokuwa na nyumba chache na akahama mtu mmoja tu aliyeacha wana, jina lilianza na mtu huyo peke yake na huenda halikuanza tena popote. Tauni kubwa ya miaka ya 1348 na 1349 iliviua au kuvidhoofisha vitongoji vingi, vingine vikaachwa moja kwa moja vikageuka malisho ya kondoo. Kuna majina ya ukoo ya Kiingereza ambayo kitongoji chake hakipo tena katika ramani yoyote.

Kisima cha utani nacho kilitoa majina ya ajabu. Gotobed, yaani "nenda kalale", ni jina halisi la Zama za Kati, na halijatoweka.

Lakini hiyo ni njia ya polepole, ya majina yaliyoota yenyewe. Sehemu kubwa ya dunia ilipata majina ya ukoo kwa amri, na aina ya amri ndiyo iliyoamua kama nchi itakuwa na majina adimu mengi au machache. Japani na Korea ni majirani, na zote mbili zilitaka kila raia aandikishwe kwa jina la ukoo ndani ya kipindi cha miaka isiyozidi arobaini. Matokeo yakaenda pande mbili tofauti kabisa. Japani iliwaruhusu watu wa kawaida kutumia majina ya ukoo mwaka 1870, na mwaka 1875 ikawalazimisha. Wengi walitazama walipoishi: Tanaka ni "katikati ya mashamba ya mpunga", Yamamoto ni "chini ya mlima". Mabonde yalikuwa mengi na milima mingi, na leo Japani ina majina ya ukoo zaidi ya 100,000, mengi yao yakiwa ya watu wachache sana. Korea ilifuta matabaka ya kuzaliwa mwaka 1894 na kuanzisha uandikishaji wa kisasa mwaka 1909. Huko watu waliokuwa hawana jina hawakuvutwa na mashamba. Walivutwa na majina ya koo zilizoheshimika, kwa sababu jina jipya la kubuni lingemtangaza mwenyewe kuwa alikuwa mtumwa au mtu wa chini jana tu. Katika sensa ya mwaka 2015, Kim peke yake lilikuwa na asilimia 21.5 ya watu wote wa Korea Kusini, na ukiongeza Lee na Park unapata zaidi ya watu wanne katika kila kumi. Kwa hiyo mtu akisema jina adimu ndilo la hadhi, Korea inampinga. Huko hadhi ndiyo iliyoyafanya majina yawe ya wengi.

Thailand ilikwenda mbali kuliko wote. Mfalme Vajiravudh, anayejulikana pia kama Rama wa Sita, alileta sheria ya majina ya ukoo mwaka 1913. Kabla ya hapo Wathai walitumia jina moja. Sheria ilitaka kila familia iwe na jina lake peke yake, lisilotumiwa na familia nyingine, na mfalme mwenyewe, aliyependa sana lugha, aliketi akatunga zaidi ya majina 6,000 akiwagawia watumishi wa serikali, wanajeshi na watu wa jumba lake la kifalme. Kanuni ya kutorudia jina imeendelea katika sheria ya majina ya mwaka 1962. Maana yake ni kwamba Thailand karibu kila jina la ukoo ni adimu kwa makusudi, na watu wawili wasiojuana wakikutwa na jina moja, dhana ya kwanza ni kwamba ni ndugu. Sheria hiyo ina tokeo moja ambalo huenda mfalme hakulitazamia. Majina mafupi yalimalizika mapema. Familia za wahamiaji wa Kichina zilizobadili majina yao miongo kadhaa baadaye zililazimika kuunganisha maneno mengi ya Kisanskriti na Kipali, lugha za kale za India, ili kupata kitu ambacho hakijachukuliwa, na ndiyo sababu jina refu sana la Kithai mara nyingi ni la familia iliyolipata karibuni. Hapo mtu anayedhani urefu na fahari ya jina ni dalili ya ukale atakosea kabisa. Wathai katika maisha ya kila siku huitana kwa jina la kwanza, hata waziri mkuu.

Jina adimu kupita yote lilitungwa Uturuki. Sheria ya majina ya ukoo ya mwezi Juni 1934 iliwataka raia wote wachague jina, na mwezi Novemba mwaka huohuo bunge likampa Mustafa Kemal, rais wa nchi, jina Atatürk, yaani baba wa Waturuki, na kumkataza mtu mwingine yeyote kulitumia. Hata dada yake, Makbule, alipewa jina jingine, Atadan. Mustafa Kemal alipofariki mwaka 1938 hakuacha mrithi wa jina hilo. Watu wote duniani waliowahi kulibeba kisheria: mmoja.

Ufilipino, gavana Mhispania Narciso Clavería alitoa amri mwaka 1849 pamoja na kitabu cha majina yaliyopangwa kwa alfabeti, kurasa zake zikagawanywa kwa miji, hivi kwamba hadi leo wenyeji wa Oas katika jimbo la Albay wengi wana majina yanayoanza kwa herufi R. Mongolia nako ilikuwa kinyume: serikali ya kikomunisti ilifuta majina ya koo mwaka 1925, na yaliporudishwa kwa sheria mwaka 1997 watu wengi walikuwa wameshayasahau. Umati ukajiandikisha Borjigin, ukoo wa Genghis Khan. Jugderdemidiin Gurragchaa, Mmongolia wa kwanza kwenda angani mwaka 1981, alijichagulia Sansar, yaani anga za mbali. Jina moja likawa la wengi na lingine la mtu mmoja, na yote mawili yalizaliwa katika foleni ileile ya uandikishaji.

Kalamu ya karani imeshagusiwa. Ina makubwa zaidi. Kabla ya shule kuenea, mwenye jina hakuwa na usemi juu ya herufi zake. Alilitamka; padri au karani aliandika alichosikia. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoagiza mwaka 1538 kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na mazishi, hakuna aliyeagiza namna moja ya tahajia. Sahihi sita za William Shakespeare zinazokubalika kuwa zake hazilingani, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama sisi tunavyoliandika jina hilo leo. Ndugu wawili waliohamia parokia mbili wangeweza kuacha nyuma majina mawili, na baada ya karne tatu vitukuu vyao wakahesabiwa kuwa koo mbili adimu badala ya ukoo mmoja wa kawaida. Kuna pia majina ambayo maandishi na sauti vimeachana kabisa: Cholmondeley husomwa "Chamli", na Featherstonehaugh baadhi ya familia hulisoma "Fanshoo". Walioandika Cholmondeley kama walivyolisikia wakapata Chumley. Kwa hiyo kabla hujasema jina lako lina watu 60 tu duniani, hesabu na sura zake nyingine. Mara nyingi adimu ni tahajia.

Kuna hadithi moja inayosimuliwa katika familia nyingi za Marekani, kwamba babu alifika Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, na ofisa wa uhamiaji akambadilishia jina kwa kutojua kulitamka. Kituo hicho kilifanya kazi kati ya mwaka 1892 na 1954, na maofisa wake hawakuwa wakiandika majina upya. Walikagua abiria kwa orodha zilizotayarishwa na kampuni za meli, na orodha zilijazwa upande wa pili wa bahari. Majina yalibadilika kweli, ila wengi waliyabadilisha wenyewe baadaye, shuleni, kazini au walipoomba uraia, ili wapate kazi au wasichekwe. Naelewa kwa nini hadithi ya ofisa inapendwa: inamwondolea babu jukumu. Lakini anayefuatilia jina adimu akiiamini, atatafuta hati mahali ambapo hazikuwahi kuandikwa.

Tukija kwenye maana, hatari kubwa ni neno linalojieleza lenyewe. Jina Ramsbottom huwachekesha Waingereza wa leo kwa sababu husikika kama makalio ya kondoo dume. Katika Kiingereza cha kale "botm" lilikuwa bonde, na sehemu ya kwanza ni kondoo dume au kitunguu saumu mwitu. Jina linatokana na mahali Lancashire. Coward haimaanishi mwoga. Ni mchunga ng'ombe. Uholanzi wana jina Naaktgeboren, ambalo kwa Kiholanzi cha leo ni "aliyezaliwa uchi". Husimuliwa kwamba Napoleon alipoamuru mwaka 1811 kila mtu aandikishe jina la ukoo, Waholanzi wakakasirika wakajipa majina ya mzaha wakidhani Wafaransa wataondoka karibuni. Hadithi tamu, lakini Naaktgeboren lilikuwepo kabla ya Napoleon kuzaliwa, na asili yake ni neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kufariki. Waholanzi walilisikia, wakalitia katika neno wanalolijua, likabaki hivyo.

Kanuni ya kazi ni hii: usitafute maana ya jina katika sura yake ya leo. Tafuta mwandiko wake wa kwanza unaopatikana, mahali ulipopatikana, na lugha iliyosemwa mahali hapo wakati huo. Bila vitu hivyo vitatu, "maana" unayopewa ni kufanana kwa sauti tu. Hata ukiipata ile ya kweli, inakueleza mtu mmoja wa karne ya 13 au ya 14 aliitwaje na majirani zake. Haikuelezi wewe wala baba yako.

Sasa swali la tatu, ambalo nadhani ndilo tamu kuliko yote, na ambalo wauza ngao hawaligusi. Mwaka 1873 Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, alichapisha swali la hisabati katika gazeti la Educational Times. Alikuwa ameona kwamba majina ya watu mashuhuri wa zamani hutoweka, na wengi wa zama zake walidhani starehe huwafanya wakubwa wasizae. Galton alitaka kujua kwanza ni kiasi gani cha kutoweka huko kingetokea kwa bahati tu, hata kama hakuna aliyepungukiwa na nguvu za uzazi. Padri mwanahisabati, Henry Watson, alijibu, na mwaka uliofuata wakatoa jibu hilo pamoja.

Hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa karatasi. Chukua wanaume 100, kila mmoja ana jina lake la pekee, na jina hupita kwa mwana wa kiume. Tuseme kwa wastani kila mwanaume huacha mwana mmoja atakayekua: wengine wawili au watatu, wengine hakuna, kwa bahati tu. Watu hawaongezeki wala hawapungui. Kwa kawaida ya bahati ya namna hii, wanaume 37 hivi hawataacha mwana yeyote, na majina 37 yanafutika katika kizazi cha kwanza. Cha pili kikiisha, yamefutika 53. Cha tano, 73. Kizazi cha kumi, kama miaka 300 baadaye, majina 84 hayapo, na watu bado ni wale 100, wamegawana majina 16 yaliyobaki. Hakuna vita, tauni wala laana. Baadhi ya hayo 16 sasa ni makubwa, mengine yana mtu mmoja au wawili na yanaelekea kuzimika. Mwenye jina adimu katika nchi ya zamani mara nyingi yuko hapo: ukoo wake haukuwahi kupata kile kizazi kimoja cha wana wengi wa mwanzoni ambacho kingeuweka salama.

Watson alikosea mahali pamoja. Alihitimisha kwamba kila jina mwishowe litatoweka hata watu wakiongezeka, kwa sababu alipata jibu moja la mlinganyo wake akaliacha la pili. Ukweli ni kwamba watu wakiongezeka, baadhi ya majina huokoka milele. Hata hivyo si mengi kama mtu angedhani: wastani ukiwa wana 1.2 kwa kila mwanaume, ongezeko kubwa kwa kizazi kimoja, jina lililoanza na mtu mmoja bado lina uwezekano wa karibu asilimia 69 wa kutoweka. Mwanahisabati Mfaransa Bienaymé alikuwa ameshalipata jibu sahihi tangu mwaka 1845 bila watu kulitilia maanani. Na katika Denmark swali hilohilo liliulizwa upya mwaka 1929 na Agner Krarup Erlang, mhandisi wa kampuni ya simu ya Copenhagen ambaye hesabu zake za foleni za simu zinatumika mpaka leo. Krarup lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, nalo lilikuwa likielekea kutoweka. Erlang alifariki mwaka huohuo bila mtoto, na mwenzake Steffensen akatoa jibu kamili mwaka 1930.

Jambo moja lisisahaulike: kinachokufa katika hesabu hii ni jina. Damu haifi. Mwanaume mwenye mabinti sita hana mrithi wa jina lakini anaweza kuwa na wajukuu 30. Pengine wewe ni mzao wa makumi ya majina yaliyotoweka.

Hesabu hii inaeleza kwa nini China, ambako majina ya ukoo yamerithishwa kwa maelfu ya miaka, ina majina machache kwa watu wengi. Rekodi za kale zina zaidi ya majina 20,000. Yanayotumika leo ni karibu 6,000, na matano ya juu, Wang, Li, Zhang, Liu na Chen, yanabebwa na karibu watu watatu katika kila kumi. Japani bado ni changa katika mchezo huu, ila imejiongezea kasi kwa sheria: wanandoa lazima watumie jina moja, na karibu kila mara la mke ndilo linaloachwa. Mwaka 2024 Hiroshi Yoshida wa Chuo Kikuu cha Tohoku alipiga hesabu kwamba mambo yakiendelea hivyo, kufikia mwaka 2531 kila Mjapani ataitwa Sato. Hesabu hiyo ni ya kuchokoza mjadala wa sheria, na nadhani hata mwenyewe haitarajii itimie, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: ndoa moja, jina moja pungufu.

Jina adimu linaweza pia kupanda. Wahispania hubeba majina mawili, la baba kisha la mama, na la baba likiwa la kawaida mno watu humwita mwenyewe kwa la mama. Aliyekuwa waziri mkuu wa Hispania, Rodríguez Zapatero, alijulikana kama Zapatero. Pablo Ruiz aliacha Ruiz ya baba yake akasaini picha zake Picasso, jina la mama lenye asili ya Liguria, Italia, lisilo la kawaida Hispania. Umaarufu wa namna hiyo hauongezi watu wenye jina; unaongeza tu wanaolijua.

Kuhusu ngao, neno moja. Taasisi inayosimamia ngao Uingereza, College of Arms, ipo tangu mwaka 1484, na msimamo wake ni kwamba hakuna ngao ya jina la ukoo. Ngao hupewa mtu na kurithiwa na wazao wake halali katika mstari wa kiume. Kuitwa jina moja na aliyepewa hakukupi chochote, isipokuwa risiti.

Palipo na faida halisi ya jina adimu ni katika utafiti. Mwanaume humrithisha mwanawe kromosomu Y, sehemu ya vinasaba iliyo kwa wanaume tu, na katika jamii nyingi humrithisha na jina, kwa hiyo vitu hivyo viwili hutembea njia moja. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha uchunguzi wa kromosomu Y za zaidi ya wanaume 1,600 wenye majina 40 ya Kiingereza. Wanaume wa Smith hawakuwa wamekaribiana kuliko wanaume wowote waliookotwa njiani. Kadiri jina lilivyozidi kuwa adimu ndivyo wenye nalo walivyozidi kuwa ndugu wa kweli, na wengi wa akina Attenborough walionekana kutoka kwa babu mmoja. Hata hivyo katika karibu kila jina walikuwepo wasiolingana na wenzao. Mtoto wa kulea, mtoto wa nje, mume aliyechukua jina la mke: karne saba ni ndefu.

Miaka miwili kabla ya hapo watafiti hao walikuwa wamekutana na kitu kisichotazamiwa. Mwanaume mmoja Mwingereza, mweupe, asiyejua lolote la Afrika katika familia yake, alikutwa na aina ya kromosomu Y inayojulikana hasa kwa watu wa Afrika Magharibi. Kama angeitwa Smith, uchunguzi ungeishia hapo. Jina lake lilikuwa adimu, la mashariki mwa Yorkshire. Wakawatafuta wengine wenye jina hilo, wakapima 18, na 7 walikuwa na kromosomu hiyohiyo. Hati za parokia ziliwagawa hao 7 katika miti miwili ya ukoo, kila mmoja ukirudi hadi kwa babu aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Miti hiyo haikuungana katika maandishi, kwa hiyo Mwafrika aliyewazaa wote, au mzao wake, alikuwa amefika kabla ya hapo.